Hongo, Rehani na Jamaa Aliyepotea: Majina ya Mbinu za Hadithi katika Njia ya Tabora

Wahakiki wetu wana ugonjwa mmoja wa kupenda majina. Mwanafunzi akishika riwaya, kabla hajajiuliza inasema nini, ameshaanza kuhesabu: hapa pana taharuki, pale pana mbinu rejeshi, kule pana takriri. Akimaliza kuhesabu anaona kazi imekwisha, na mtihani anafaulu. Sina nia ya kumcheka, maana kutaja ni mwanzo wa kuona. Ninalotaka kuhoji katika makala haya ni jambo jingine: majina hayo yametoka wapi, na je, yanatosha kwa hadithi zilizozaliwa katika nchi hii? Ushahidi wangu nitauchukua katika njia moja tu, ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ikatua Tabora, kisha ikagawanyika kwenda Ujiji, Karagwe na Kongo.

Kwanza hao wenye majina. Mrusi Vladimir Propp, mwaka 1928, alizipangua ngano za kwao akapata dhima 31 za wahusika: mtu anakatazwa, anavunja katazo, anadanganywa, anaondoka kwao, anapata msaidizi, mwishowe anatambuliwa. Mmarekani Stith Thompson, kati ya 1932 na 1936, akatoa faharasa ya motifu za dunia katika mijalada sita, kila motifu na herufi yake na namba yake, kama vifurushi vya posta. Kwetu, F. E. M. K. Senkoro katika miaka ya 1990 aliandika tasnifu nzima juu ya safari katika ngano za Zanzibar, na K. W. Wamitila akatupa Kamusi ya Fasihi mwaka 2003. Kwa hiyo mtu asiseme kuwa hatuna zana. Tunazo. Swali ni kama zana hizo zinakata mti uliopo mbele yetu.

Hebu tuzijaribu kwa Tippu Tip. Hamed bin Muhammed el Murjebi alikuwa mtu wa Zanzibar, lakini nusu ya nyumba yao ilikuwa Tabora. Baba yake alikaa Unyanyembe na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Uzeeni Hamed aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1900. W. H. Whiteley akayatoa tena, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanahistoria hukisoma kitabu hicho ili wapate tarehe na bei za pembe, na sisi watu wa fasihi, kwa aibu yetu, tumewaachia.

Ndani yake mna kisa cha Utetera, ng'ambo ya Tanganyika, kilichotokea kabla Hamed hajakutana na Mwingereza Cameron mwaka 1874. Mtawala wa huko, Kasongo Rushie, alikuwa mzee, na dada zake walikuwa wametekwa vitani zamani wasionekane tena. Hamed alizipata habari hizo. Alipofika, akatangaza kuwa babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir, aliwahi kusafiri nchi zile akanunua mwanamke mateka. Mwanamke huyo ndiye mmoja wa wale dada waliopotea, naye ndiye aliyemzaa mama yake. Yaani yeye Hamed ni mjukuu aliyerudi nyumbani. Mzee akafurahi, akamkabidhi nchi.

Sasa fungua faharasa ya Thompson. Chini ya herufi H utakuta utambuzi: jamaa aliyepotea anarudi, anajulikana kwa alama au kwa habari. Aristotle naye aliusema utambuzi huo katika habari za tamthilia za Kigiriki, karne nyingi kabla ya Thompson. Mwanafunzi ataandika: "Mbinu iliyotumika ni utambuzi," apate alama zake. Lakini ukishuka hadi herufi K utakuta hila, na ndani ya hila mna mlango mzima wa watu wanaojifanya wasiokuwa. Kisa cha Utetera kiwekwe wapi? Kwa Kasongo Rushie ni H. Kwa Hamed ni K. Kitendo ni kimoja, maneno ni yale yale, mahali ni pamoja. Kinachobadilika ni nani anajua nini.

Hapa ndipo ninapoona kuwa jina la mbinu si lebo ya kubandika, ni uamuzi. Anayekiita kisa kile "utambuzi" amekaa upande wa mzee, na anayekiita "hila" amekaa upande wa msafara. Hamed mwenyewe, na hili ndilo la kustaajabisha, haoni haya: anatupa habari ya wale dada kwanza, ndipo anatuonyesha alivyoitumia. Anamtaka msomaji wake wa pwani acheke pamoja naye. Mimi ningependekeza tukiite "nasaba ya kupachika," kwa sababu jina hilo linabeba pande zote mbili: nasaba aliyoiona mzee, na mkono ulioipachika. Tena litatufaa kwingine. Biashara ya bara yote iliendeshwa kwa undugu wa kutengeneza, iwe kwa kuchanjiana, kwa kuoana kama baba yake alivyooa kwa Fundikira, au kwa maneno matupu. Hadithi haikukopa mbinu hiyo vitabuni. Ilikuwa kazi ya kila siku ya mfanyabiashara.

Na kumbe jambo hili ni zito kuliko mchezo wa wahakiki. Mtu mmoja alisimulia ngano yenye umbo ambalo wasikilizaji wake walilijua na kulitamani, na kwa ngano hiyo akapata nchi yenye watu na pembe. Wapo wanaodhani kuchambua mbinu za hadithi ni kujificha mbali na historia. Waende Utetera.

Mbinu ya pili naiita "hongo." Kila msafara ulipoingia katika nchi ya mtemi ulisimama, ukatoa nguo na shanga na waya, wenyeji wakakataa, wakaongezewa, siku zikapita. Wagogo walisifika sana kwa hilo, maana walikuwa na maji na chakula, na mbele yao kulikuwa na Mgunda Mkali ambako mtu hapati vyote viwili. Maandishi ya misafara yamejengwa hivyo hivyo. Soma habari zilizokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1901, utaona kwamba baina ya kituo na kituo masimulizi yanakwenda mbio kwa ile -ka- yetu: tukaondoka, tukapita, tukafika, tukalala. Siku nne za jua na vidonda zinamezwa na vitenzi vinne. Kisha panafika lango la mtemi, na -ka- inapungua mwendo. Watu wanaanza kusema kwa vinywa vyao. Ujumbe unakwenda na kurudi, kila kitambaa kinahesabiwa. Hadithi imelipa hongo ndipo iendelee.

Wasomi wa Ulaya wana neno la kupunguza mwendo wa masimulizi na neno la kuahirisha matokeo, na sisi tumeyafasiri yote mawili kwa "taharuki." Lakini taharuki ni hali ya msomaji, roho juu juu. Hongo ni kitu cha ndani ya hadithi: pana lango, pana mwenye lango, pana bei isiyojulikana. Na mara nyingi msomaji hana roho juu hata kidogo, amechoka tu kama mpagazi aliyekaa juu ya mzigo wake akingoja wakubwa wapatane! Uchovu huo nao ni sehemu ya maana.

Njia hii iliendelea kuishi katika riwaya. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliirudia katika Paradise (1994), ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa jina la Peponi. Msafara wa tajiri Aziz unapita lango baada ya lango mpaka unafika kwa Chatu, na huko hongo inakataa kufanya kazi yake: mwenye lango anachukua mali yote. Wasomi wameonyesha kuwa Gurnah alizisoma habari za wasafiri wa Velten. Mimi nasema alichukua umbo lake pia, akalivunja mahali pale pale ambapo msomaji wa zamani angetazamia lifunguke.

Riwaya hiyo hiyo ina mbinu ya tatu, "rehani." Kijana Yusuf anaondoka kwao si kwa sababu ana hamu ya dunia, wala hakukatazwa jambo akavunja katazo. Baba yake ana deni, naye ndiye rehani. Kwa Propp shujaa huondoka kwa sababu kuna kitu kimepungua nyumbani au mwovu ametenda uovu. Katika njia ya Tabora watu waliondoka kwa sababu ya daftari la mkopeshaji. Hamed mwenyewe alitembea kwa mali ya mkopo, na miongoni mwa waliomkopesha alikuwamo Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar. Ukitumia jina la Propp, deni linapotea, na deni likipotea hujui tena kwa nini msafara haugeuki nyuma hata njaa inapoua watu.

La nne nitalitaja kwa haraka: mrejeaji asiyesadikiwa. Shaaban Robert aliijenga Kusadikika (1951) juu yake, wajumbe sita wakatumwa pande sita na kila aliyerudi akatiwa kifungoni. Tabora ina kisa chake cha kweli. Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857. Mwaka uliofuata Speke akatoka hapo kwenda kaskazini, akaliona ziwa tarehe 3 Agosti, akarudi kabla mwezi haujaisha akisema chanzo cha Nile ni hicho. Burton, aliyekuwa amebaki Kazeh kwa waungwana wa Kiarabu, hakukubali. Ugomvi wao ulivuka bahari, na Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao mjini Bath. Sisemi kuwa Shaaban Robert alikuwa na Speke kichwani. Nasema kwamba mbinu hiyo tunayoipigia makofi katika Kusadikika haikuhitaji kutungwa.

Sasa tufike kwa wapagazi, maana hao ndio waliokuwa wengi. Katika maandishi yote niliyotaja wanaonekana kama idadi: wamekimbia kadhaa, wamekufa kadhaa, wameandikwa wengine Tabora. Kirangozi anatembea mbele na bendera, lakini hadithi haiko kinywani mwake. Je, wapo waliowahi kushika hatamu za kisa?

Wapo. Livingstone alipokufa kwa Chitambo, Mei 1873, watu wake, Susi na Chuma wakiwa mbele, waliukausha mwili wakaubeba kuelekea pwani. Oktoba mwaka huo walifika Unyanyembe wakamkuta Cameron, ambaye aliwashauri wauzike hapo hapo. Wakakataa. Walipokuwa njiani, wenyeji walipoonyesha kuwa hawataki maiti ipite katika nchi yao, wakatengeneza maiti ya uongo, wakawatuma wenzao wairudishe Unyanyembe machoni pa watu kana kwamba wanakwenda kuizika, na mwili wa kweli wakaufunga uonekane kama robota la nguo. Robota likapita. Faharasa ya Thompson italiweka chini ya K bila shaka, karibu na Hamed. Lakini Hamed alitunga hila ili apate nchi akaiandika mwenyewe. Hawa walitunga hila ili kutimiza safari waliyoichagua wakikataa ushauri wa Mzungu, na masimulizi yao yalichukuliwa Uingereza na Horace Waller, akayachapa mwaka 1874 ndani ya kitabu kinachobeba jina la Livingstone. Kwa mbinu hiyo, ya kisa kinachotungwa na wabeba mizigo kikasimuliwa na mwenye kalamu, sijaona jina katika kamusi yoyote.