Uthabiti wa Kisaikolojia kwa Wahudumu wa Afya Waliopona: Hoja kutoka Ngara na Biharamulo

Mhudumu wa afya anayerudi kazini baada ya kuugua hupokewa kwa sifa: ana moyo, jasiri, kazi ameizoea. Makala haya yanadai kwamba sifa hizo zinapotosha. Uthabiti wa kisaikolojia, yaani uwezo wa kutikiswa na janga kisha kurejea katika hali ya kawaida, hautokani na moyo wa mtu peke yake. Hujengwa, au hubomolewa, na kituo anachorudi kukifanyia kazi.

Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban wakimbizi 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, kwa hiyo kuzidiwa na wagonjwa si jambo geni wilayani humo. UVIKO-19 ilileta mzigo wa namna nyingine. Mwanzoni mwa Mei 2020 Tanzania iliacha kutoa takwimu, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21, na haikurejea hadi katikati ya 2021. Wengi waliougua wakati huo walisemekana kuwa na changamoto ya upumuaji. Muuguzi aliyepona bila ugonjwa wake kuandikwa popote angeanzia wapi kuuthibitisha mbele ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi? Hata pole ya wenzake ilikuwa ya nusunusu.

Biharamulo ilikuwa tofauti. Mlipuko wa Marburg ulitangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 20 Januari 2025, ukatangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Wagonjwa walikuwa 10, wawili kati yao wakiwa wamethibitishwa kimaabara, na wote walifariki. Hofu ilikuwa kubwa zaidi, hasa baada ya mlipuko wa Rwanda wa 2024, ambako wengi wa wagonjwa 66 walikuwa wahudumu wa afya. Lakini watu 281 waliotangamana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21. Aliyekuwa chini ya uangalizi alijua anachokiogopa, na alijua siku ambayo angeambiwa yuko salama.

Itapingwa kwamba wawili waliougua katika mazingira yaleyale hawaponi sawa: imani, familia na uzoefu vina nafasi yake. Ni kweli. Hata hivyo, ujasiri hauwekwi kwenye bajeti, ikama huwekwa. Katika zahanati yenye watumishi wawili, mmoja akiugua, mwenzake hubeba zamu zote, za mchana na za usiku za kuzalisha. Mgonjwa akisikia hivyo hurudi kabla hajapata nguvu. Tunachokiita ushujaa hapo ni upungufu wa watumishi.

Halmashauri basi zianze na mambo matatu: ugonjwa uliopatikana kazini uandikwe kwa jina lake, anayerudi aanze na zamu nyepesi, na unasihi utolewe na mtu asiye mganga mfawidhi wake, kwa kuwa hakuna anayekiri woga mbele ya anayempima utendaji.