Asili ya Neno la Kurudiarudia

Atakaye kompyuta ijaze fomu ya intaneti huiandikia mzunguko, yaani amri moja irudiwayo nafasi baada ya nafasi. Neno la kuufungulia, “for”, lilitanguliwa na la Kijerumani: “für”, alilolitumia Heinz Rutishauser wa Zürich katika lugha yake Superplan, 1949–1951. Mwaka 1958, katika mkutano wa Zürich alimokuwamo, ALGOL ililipa umbo la Kiingereza. Mwaka 1995 JavaScript ikalirithi.

Mfasiri asemaye “kwa kila” huahidi zaidi ya asili, kwani neno lenyewe ni “kwa” tu; “kila” imo katika hesabu iliyoandikwa kando yake. JavaScript huhesabu nafasi kuanzia 0. Mzunguko uanzao 1 huiruka nafasi ya kwanza, nayo pengine ndiyo ya jina la mwombaji.