Kupiga picha ya tone la maji bila kulowesha simu

Msikilizaji wetu, umewahi kuamka alfajiri ukaona tone la umande limekaa juu ya jani la gimbi kama shanga, ukatoa simu ulipige picha? Mara nyingi picha hutoka na ukungu. Unasogea karibu zaidi, jani linatikisika, maji yanaangukia simu. Na simu hiyo hiyo ndiyo pochi, ndiyo tochi, ndiyo redio. Leo tunaeleza jinsi ya kupata picha safi na simu ikabaki kavu.

Rudi nyuma kidogo

Kamera kuu ya simu nyingi haioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimita 8 hadi 10 hivi. Ndiyo maana ukisogea sana picha inaharibika. Kaa umbali wa shubiri moja, vuta picha mara 2, kisha gusa kioo cha simu pale tone linapoonekana. Umbali huo unakupa picha safi, na pia unaikinga simu.

Tone la umande

Wahi kabla jua halijakaza. Shika simu kando ya jani, si chini yake. Jani la gimbi lina nta na vinundu vidogo mno, ndiyo maana maji hayasambai bali hubaki duara. Ukipata tone linaloning'inia, weka ua nyuma yake. Utaliona ua ndani ya tone, juu chini, kwa sababu tone hufanya kazi kama lenzi.

Tone linaloanguka

Toboa chupa ya plastiki chini kwa sindano, itie maji, ining'inize juu ya sufuria yenye maji. Ukikaza kizibo matone hupungua, ukikilegeza huongezeka. Fanya hivyo nje ya dirisha, penye jua kali, nawe piga picha ukiwa ndani, nyuma ya kioo kilichofutwa vizuri. Kama dirisha halina kioo, simamisha kile cha fremu ya picha kati ya simu na sufuria.

Shika kijiti pale tone linapoangukia, gusa kijiti hicho kwenye simu na ubonyeze mpaka kamera ijifunge hapo, kisha kiondoe. Piga picha nyingi mfululizo, uchague moja.

Nyingi zitaharibika, usikate tamaa. Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT nchini Marekani, alianza kupiga picha za matone ya maziwa miaka ya 1930. Ile ya rangi iliyompa sifa, maziwa yakiruka kama taji, ni ya mwaka 1957. Yeye alitumia taa yenye mwako mfupi mno. Wewe tumia jua.

Ujanja wa kuepuka

Wapo wanaoweka tone la maji juu ya lenzi ya simu ili likuze picha. Hukuza kweli, lakini maji hupenya kwenye ufa. Hata simu isiyopitisha maji, mipira yake ya kuziba huchakaa. Afadhali ushike kioo cha kukuzia mbele ya kamera.

Simu ikilowa, izime mara moja na usiichaji. Toa laini, futa kwa kitambaa kikavu, iache penye upepo mpaka ikauke kabisa. Usiiweke karibu na moto.