Mizani ya Marangu

Mwaka 1889 Hans Meyer, Mjerumani, alifika kilele cha Kibo, mlimani Kilimanjaro, pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Mahema na vyakula vyao vilipandishwa na watu wengine, na huko Marangu, chini ya mlima, hadi leo anatajwa Yohani Kinyala Lauwo kuwa kiongozi wao wa njia. Wajerumani walijenga vibanda mlimani wakaviita Bismarck na Peters. Baadaye vibanda hivyo vikarithi majina ya wamangi wa Uchagani, Mandara na Horombo.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilitangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi 1977. Wageni waliongezeka, na mlima ukaanza kuchoka. Wapishi walikata kuni katika ukanda wa juu, ambako baridi huifanya miti ikue polepole mno. Makopo na chupa zilibaki kambini. Vyoo vilijaa.

Dawa ikapatikana katika kanuni. Moto wa kuni ukapigwa marufuku, nafasi yake ikachukuliwa na gesi. Takataka zikatakiwa kushushwa hadi langoni mwa hifadhi. Makampuni mengi yakaanza kupandisha vyoo vya kubebwa. Kanuni nzuri zote, lakini mtungi wa gesi haupandi wenyewe, wala taka hazishuki zenyewe. Kila mara mlima ulipopunguziwa uchafu, mpagazi aliongezewa uzito. Wapagazi hujiita wagumu, na jina hilo wamelilipia kwa shingo na magoti.

Ndiyo maana mizani ya langoni ina maana kubwa kuliko bango lolote. Mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na unaozidi hugawanywa au kuachwa. Tangu 2003 mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, wa mjini Moshi huwaazima wapagazi nguo za baridi, maana wapo waliokuwa wakipanda na shati la pamba.

Kazi haijaisha. Oktoba 2020 moto ulianza Whona, mahali pa kupumzikia kati ya Mandara na Horombo, ukaunguza makumi ya kilomita za mraba. Taarifa za awali zilisema ulitokana na kupasha chakula.

Unayepanga safari ya kilele cha Uhuru, juu ya Kibo, uliza mapema kampuni yako: wapagazi watalala wapi, watakula mara ngapi, watalipwa shilingi ngapi kwa siku? Na siku ya kuondoka, simama karibu na mizani mpaka mzigo wa mwisho upimwe.