Siku 30 za Kipande cha Mkonge

Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, mwezi wa kazi haukufuata mwandamo wala kalenda. Ulisomwa kwenye kipande, kadi iliyohesabu siku 30 za kazi. Mkataji aliyemaliza sehemu aliyopangiwa aliandikiwa siku yake. Aliyebakiza, au aliyelala na homa kambini, kwa kawaida hakuandikiwa kitu, na ujira wa kipande ulisubiri mpaka siku zitimie.

Mkonge wenyewe uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida, 62 tu ndiyo iliyopona ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba yakaenea, na watu wakahitajika. Mwaka 1907, huko Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, utawala wa Kijerumani uliwapa wanaume kadi za kuwalazimu kufanya kazi siku 30 kwa mlowezi kila miezi minne. Chini ya Waingereza hesabu ya siku 30 iliendelea, sasa ikiitwa mkataba. (Kipande walichovishwa shingoni wanaume wa Kenya kilikuwa kitu kingine: kitambulisho chenye alama za vidole.)

Siku moja ilikuwa na uzito gani? Mkataji aliingia shambani alfajiri, akakata majani kutoka shinani, akaondoa mwiba wa nchani, akafunga matita ya majani 30, kisha akayabeba begani hadi kwenye reli ndogo ya kupeleka mzigo kwenye korona, mashine ya kukamua singa. Idadi ya matita ikitimia, alikuwa huru. Kijana mwenye nguvu aliweza kurudi kabla jua halijawa kali, akalima shamba lake.

Hapo naona jambo la haki: mtu alipimwa kwa alichomaliza, si kwa saa alizoonekana amesimama. Lakini aliyepanga idadi hiyo hakuwa mkataji. Tita la shamba lililostawi karibu na reli na tita la shamba chakavu la mbali yaliandikwa sawa. Tena hesabu ya majani haikusema mangapi yabaki juu ya mmea ili uendelee kuishi. Na chakula alichopika mke wa mkataji, ambacho bila hicho panga lisingeinuka, hakikuwa na mahali pa kuandikwa.

Waliobeba mzigo mkubwa wa hesabu hii ni manamba, watu walioletwa kutoka mikoa ya mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuwatafuta na kuwasafirisha. Baada ya uhuru, mishahara ilipopandishwa, wenye mashamba wengi walipunguza watu na kuongeza kazi ya siku. Waliobaki walilipwa zaidi, na walikata matita mengi zaidi.