Vibarua vya mtandaoni vilipita kwenye mulika mwizi

Wadau wa Meru na Embu mnaofanya vibarua vya mtandaoni nyumbani, historia yake inaanzia mbali. Amazon walizindua Mechanical Turk mwaka 2005, lakini senti za dola zingemfikiaje mtu wa Maua au Runyenjes? Njia ilifunguka Machi 2007, Safaricom walipoleta M-Pesa. Kufikia 2009 Nathan Eagle alikuwa na txteagle: neno la menyu ya simu linakuja kwa SMS, unalitafsiri kwa lugha yenu, unalipwa kwa M-Pesa au kredo. Programu ililinganisha majibu ya watu kadhaa (hapo nawavulia kofia). Ila mwenye kazi akabaki mbali. Machi 2024 Remotasks ilifunga kazi zake Kenya kwa barua pepe tu.