Nani alilipa njia? Historia fupi ya vijana wetu waliokwenda kusoma inje



Katika mukutano wetu wa mwisho mama mumoja alisimama, akatuonyesha karatasi yenye muhuri. Mutu fulani alimwambia kama mutoto wake amekubaliwa chuo kikuu cha Kanada, inabaki tu kulipa dola 300 za dosie. Mama akauza mbuzi zake zote. Sasa simu ya mutu yule haiingie tena. Watu wakaanza kusema: "Kusoma inje ni mambo ya watoto wa wakubwa. Tuache."

Mimi nilinyamaza siku ile. Kufika nyumbani nikafikiri: hapana, si kweli. Wakongo wanasoma inje tangu zaidi ya miaka 100. Tukijua walipita wapi na nani alilipa, njo tutajua kutofautisha mulango na mutego.

Wa kwanza alirudi

Paul Panda Farnana alizaliwa mwaka 1888 huko Nzemba, karibu na Banana, upande ule muto Kongo unaingia baharini. Mwaka 1900 alipelekwa Ubelgiji, akiwa mutoto bado. Alisoma kilimo, na mwaka 1907 akapata diploma yake kule Vilvoorde. Anahesabiwa kuwa Mukongo wa kwanza kumaliza masomo ya juu Ubelgiji. Mwaka 1909 alirudi Kongo kufanya kazi ya kilimo kwenye bustani ya Eala, karibu na Mbandaka ya leo. Vita ya 1914 ilimukuta tena Ubelgiji. Akaingia jeshini, Wajerumani wakamukamata, akabaki kifungoni mpaka vita ikaisha.

Muangalie alichofanya kisha. Mwaka 1919, kule Bruxelles, yeye na wenzake walianzisha Union Congolaise. Kilikuwa chama cha kusaidiana, sawa hiki chetu. Mbele ya wakoloni aliomba wazi kama Wakongo wasomeshwe. Mwaka 1929 alirudi kwao Nzemba, na mwaka 1930 akafa. Alikuwa ameelewa mapema kama diploma ya mutu mumoja haitoshi.

Siku ya uhuru

Ubelgiji haikumusikiliza. Ilitaka makarani, wauguzi na mafundi. Mulango mumoja uliobaki ulikuwa seminari: Stefano Kaoze, mutoto wa Marungu, huku huku kwenye ziwa letu, alipadirishwa mwaka 1917, Mukongo wa kwanza wakati wa ukoloni. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, na kile cha Élisabethville mwaka 1956. Mwaka huo huo wa 1956 Thomas Kanza alimaliza kule Louvain.

Matokeo tunayajua. Tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika 30 katika inchi nzima. Mwezi wa tisa, Mobutu aliposimamisha wanasiasa, serikali ilipewa wasomi vijana na wanafunzi, wale walioitwa makomisere. Wamoja waliitwa kutoka Ubelgiji, masomo hayajaisha. Vile tulivyonyimwa masomo, njo vile tulivyoanza uhuru.

Kisha, ghafla, kila mutu alitaka kutusomesha. Kule Moscow chuo kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa mwaka 1960. Februari 1961, Lumumba amekwisha kuuawa, wakakipa jina lake. Amerika na Ubelgiji nazo zilitoa buruse. Tusijidanganye, haikuwa juu ya upendo tu: kila upande ulitafuta marafiki wa kesho. Na buruse iliyoletwa na siasa, siasa inaweza kuiondoa. Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa usiku kwenye kampisi ya Lubumbashi. Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaïre, na mulango mukubwa wa zamani ukafungwa.

Milango ya ukimbizini

Mwaka 1996 vita ilitufikia sisi. Tulivuka ziwa mpaka Kigoma, kisha Nyarugusu, wengine Lugufu. Tulisoma programu ya Kongo, kwa Kifaransa, ndani ya inchi ya Kiswahili na Kiingereza.

Kwa mukimbizi kulikuwa njia mbili za kweli, hata kama zilikuwa nyembamba. DAFI ilianzishwa mwaka 1992, na feza ya Ujerumani kupitia HCR. Inalipa chuo kikuu hasa katika inchi ile mukimbizi anakaa. Ya pili ni ya Kanada, ya shirika WUSC, tangu 1978. Hapo wanafunzi wa Kanada wenyewe wanachanga feza kidogo kidogo ndani ya ada yao, juu ya kuleta mukimbizi aje asome pamoja nao. Muone: tena ni kusaidiana.

Mimi nilijaribu buruse moja. Nilianguka, na si juu ya pointi. Jina kwenye karatasi ya ukimbizi halikufanana na jina kwenye bulteni. Baba aliandikisha jina la ukoo kule mupakani, mwalimu akaandika jina la ubatizo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mwishowe nilisoma Bukavu, kisha kurudi, wazazi wakiuza mihogo. Sijutii, lakini karatasi ile bado inaniuma.

Leo tushike wapi?

Wengi wanafikiri kurudi nyumbani kunafunga kila kitu. Si hivyo. Masharti ya DAFI yanataja mukimbizi na pia mutu aliyerudi inchini kwake. Kijana aulize ofisi ya HCR kama kuna nafasi mwaka huu. Tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo Dar es Salaam, Kampala na Nairobi si ugeni mutupu kwetu: tuna Kiswahili, na wengi wetu tulikulia kule. Kusoma jirani kunaweza kugarimu kidogo kuliko Bulaya, na ni rahisi zaidi kurudi wakati wa likizo.

Kuhusu staji, kijana ajue mapema: staji za Sekretariati ya Umoja wa Mataifa hazilipwi. Tikiti, nyumba na chakula ni juu yake. Kwa mutoto wetu, staji katika shirika la hapa karibu inaweza kumufaa zaidi kwa kuanza.

Kwa wafazili wetu ninasema wazi: hatuombi tikiti za ndege. Kinachoangusha watoto wetu ni vitu vidogo: paspoti, kusahihisha jina, diploma ya Leta ambayo haijatoka, kutafsiri bulteni, miezi sita ya Kiingereza. Chama kikiwa na kisanduku kwa mambo hayo tu, vijana wachache kila mwaka watafika mulangoni wakiwa na dosie kamili.

Wengine wanauliza: wakienda, watarudi? Sina jibu kwa kila mumoja. Panda alirudi mara mbili. Mutu anarudi pale anapojua kuna watu waliochanga juu yake, na wanaomungojea.

Mama yule mbuzi zake hazitarudi. Lakini mutoto wake ana pointi nzuri, nimeziona, na jina lake limeandikwa namna tatu tofauti kwenye karatasi tatu. Tumeanza na hilo. Kila siku ya posho asubuhi niko ofisini kwa chama. Mulete karatasi za watoto, zote, hata zile zilizolowa maji wakati wa kuvuka. Na mutu akiwaomba feza ya kununua nafasi, muje kwanza kwetu kabla ya kuuza kitu.